Njia ya kufika chuo kikuu si moja: mambo ya kujua kabla ya kuuza shamba

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi Januari, simu vijijini huwa na kazi moja. Watu hutafuta jina la shule, hushuka hadi kwenye namba ya mtahiniwa, kisha hutazama kitu kimoja tu: daraja. Likiwa la kwanza au la pili, nyumbani kuna furaha. Likiwa la nne, wazazi hunyamaza, majirani husema "amefeli", na kijana mwenyewe huanza kufikiria kuendesha bodaboda ya mtu au kwenda mjini kutafuta kazi za ndani.

Mwezi Julai hali hiyo hujirudia kwa kidato cha sita. Anayepata nafasi ya chuo kikuu huonekana amefika. Baba huuza ng'ombe, mama huchukua mkopo wa kikundi, na wakati mwingine kipande cha shamba huondoka. Asiyepata huambiwa safari yake imeishia hapo.

Wa Januari na wa Julai wanahukumiwa kwa fikra moja, kwamba elimu ya juu ina mlango mmoja tu, na asiyepita hapo amebaki nje. Nchini Tanzania haiko hivyo. Zipo njia kadhaa, na kadhaa kati yake hufika chuo kikuu kilekile. Lakini kila njia ina masharti yake, na anayeingia bila kuyajua anaweza kupoteza miaka na fedha. Makala haya yanaeleza njia hizo, masharti yake, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada.

Kwa nini tuliamini njia ni moja?

Imani hii ina chimbuko lake. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Dar es Salaam mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, waliohitimu shahada walikuwa wachache na serikali ilikuwa na upungufu mkubwa wa watumishi. Aliyemaliza chuo kikuu alipangiwa kazi, akapewa nyumba, na kijiji kizima kilimwona amefanikiwa. Wazazi na babu zetu waliona jambo hilo kwa macho yao. Hawakukosea kulisimulia.

Kilichobadilika ni hesabu. Leo vyuo vikuu ni vingi, wahitimu ni maelfu kila mwaka, na ajira za serikali haziongezeki kwa kasi hiyo. Shahada bado ina thamani, na zipo kazi ambazo huwezi kuzifanya bila hiyo. Lakini shahada peke yake haiahidi tena kazi. Ndiyo maana swali la "Mtoto ataenda chuo kikuu?" halitoshi siku hizi. Swali lenye faida zaidi ni hili: "Akiishia hapa, atakuwa na nini mkononi?"

Njia inayojulikana: kidato cha tano na sita

Njia ambayo karibu kila mtu anaijua ni ya kidato cha nne, kisha miaka 2 ya kidato cha tano na sita, halafu chuo kikuu. Ili kuingia kidato cha tano katika shule za serikali, mwanafunzi anahitaji ufaulu wa kiwango cha C au zaidi katika masomo angalau matatu. Ili kuingia chuo kikuu baada ya kidato cha sita, sifa ya chini inayowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ni ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi 4.0. Kozi zenye ushindani hutaka zaidi ya hapo.

Njia hii ni fupi, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa katika shule za serikali. Kwa kijana mwenye ufaulu mzuri anayejua anataka kusomea nini, ni njia nzuri.

Ila ina tatizo ambalo huzungumzwa mara chache: cheti cha kidato cha sita si cheti cha kazi. Mwenye cheti hicho akikosa nafasi ya chuo kikuu hana fani yoyote. Ametumia miaka 2, na bado lazima aanze kujifunza kazi.

Njia ya pili: kupanda kupitia vyuo vya kati

Njia ya pili huanzia kidato cha nne na kupita katika vyuo vya kati: vyuo vya afya, kilimo, mifugo, uhasibu, ufundi, maji, misitu, utalii na vinginevyo. Vyuo hivi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo kifupi chake ni NACTVET.

Masomo yake yamepangwa kwa ngazi zinazoitwa NTA. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali. Ngazi ya 5 ni astashahada. Ngazi ya 6 ni stashahada, ile ambayo wengi huiita diploma. Ngazi ya 7 ni stashahada ya juu, na ngazi ya 8 ni shahada ya kwanza, sawa na digrii ya chuo kikuu. Juu yake kuna ngazi ya 9, shahada ya uzamili, na ngazi ya 10, shahada ya uzamivu.

Kwa kawaida, aliyemaliza kidato cha nne huanza ngazi ya 4 na kufika stashahada kwa miaka 3. Aliyemaliza kidato cha sita bila alama za chuo kikuu, lakini akiwa na ufaulu mkuu katika somo moja na ufaulu mdogo katika jingine, katika vyuo vingi huanzia ngazi ya 5 na kumaliza stashahada kwa miaka 2.

Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada chuo kikuu. TCU inamtaka awe na ufaulu wa masomo angalau manne ya kidato cha nne, au cheti cha ufundi stadi cha kiwango cha 3, pamoja na wastani wa stashahada, yaani GPA, usiopungua 3.0. Kozi nyingine huweka kiwango cha juu zaidi.

Tufanye hesabu ya miaka

Wazazi wengi huona njia ya vyuo vya kati ni ndefu mno. Tuhesabu pamoja, tukichukua shahada ya miaka 3.

Kijana wa kwanza anapita kidato cha tano na sita: miaka 2, halafu shahada miaka 3. Jumla ni miaka 5 baada ya kidato cha nne.

Kijana wa pili anapita stashahada: miaka 3, halafu shahada miaka 3. Jumla ni miaka 6.

Tofauti yao ni mwaka mmoja. Lakini kijana wa pili, hata akisimama katikati kwa sababu baba ameugua au mvua zimegoma na ada imekosekana, ana cheti cha kazi. Anaweza kuwa tabibu katika zahanati, ofisa ugani, fundi sanifu au mhasibu msaidizi, akafanya kazi miaka kadhaa na kurudi chuo kwa fedha yake mwenyewe. Kijana wa kwanza akisimama katikati hana cha kushika.

Kwa familia ambayo kipato chake hutegemea msimu, mwaka huo mmoja wa ziada unaweza kuwa bei ndogo ya kulipia usalama. Hii haina maana kwamba kila mtoto aache kidato cha tano. Mwenye ufaulu mkubwa wa sayansi anayetaka udaktari ana sababu nzuri ya kwenda huko. Ila uamuzi ufanywe kwa hesabu. Aibu ya "watasema nini" isiwe ndiyo inayoamua.

Usitazame daraja tu, hesabu D

Jambo hili limewapotezea wengi nafasi, ama kwa kukata tamaa mapema, ama kwa kulipa ada ya kozi wasiyostahili. Sifa ya kawaida ya kuingia ngazi ya 4 ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D na kuendelea, bila kuhesabu masomo ya dini.

Sasa, daraja la nne huanzia pointi 26 hadi 33, kwa masomo 7 bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Mwenye D saba ana pointi 28. Mwenye D nne na F tatu ana pointi 31. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Wote watatu wana daraja la nne, lakini wawili wa mwanzo wana sifa ya kuomba vyuo vingi, na wa tatu hana.

Kwa hiyo, ukiambiwa "amepata la nne", usifurahi wala usilie kwanza. Chukua karatasi, ondoa masomo ya dini, kisha hesabu amefaulu mangapi. Halafu tazama ni masomo gani, kwa sababu kila fani ina yake. Kozi za afya hudai ufaulu wa Kemia na Biolojia miongoni mwa masomo mengine. Ualimu umekuwa ukidai daraja la kwanza hadi la tatu.

Akiwa na D mbili au tatu, anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kabla ya kufanya hivyo, uliza chuo unachokilenga kama kinakubali kuunganisha vyeti vya miaka tofauti.

Jambo jingine la kuzingatia ni muda. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili wahitimu wabadilishe tahasusi za kidato cha tano au kozi za vyuo walizochagua wakiwa bado shuleni. Dirisha hilo hufungwa. Anayesubiri kupangiwa bila kuangalia machaguo yake anaweza kupelekwa asikotaka.

VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi

Kwa asiye na D nne, au anayetaka kushika kazi mapema, kuna vyuo vya ufundi stadi. Vinavyojulikana zaidi ni vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kuna pia vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, ambavyo wengi huviita FDC. Hivyo vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na vingi viko karibu na vijiji. Vyote hupokea hata watu walioishia darasa la saba, kutegemea kozi. Vyuo vya FDC pia vimekuwa vikiwapokea wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, wengine wakija na watoto wao.

Kozi ndefu za ufundi stadi zina viwango vitatu vya kitaifa, vinavyoitwa NVA 1, 2 na 3. Watu wengi hudhani ukiingia VETA umeagana na elimu ya juu. Si lazima iwe hivyo. Baadhi ya kozi za ngazi ya 4 ya NTA, hasa za ufundi, humpokea mwenye NVA 3 hata kama ufaulu wake wa kidato cha nne haufikii masomo manne. Kutoka hapo anaweza kuendelea hadi stashahada. Hata kwa shahada, mwongozo wa TCU humkubali mwenye stashahada aliye na NVA 3 ingawa ufaulu wake wa kidato cha nne haufikii masomo manne, mradi ana GPA iliyotajwa juu. Ila fundi mwenye ndoto hiyo aulize kwanza masharti ya kozi anayoilenga.

Kitu kingine ni mtaji. Fundi wa kuchomelea asiye na mashine ni nusu fundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wahitimu wanaojiunga katika kikundi wanaweza kumwuliza ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo hiyo.

Fundi mwenye ujuzi lakini hana cheti

Kila kijiji kina mtu wa namna hii: mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za hapo, fundi wa pikipiki, mpishi wa sherehe, fundi cherehani. Ujuzi anao, aliupata kwa kumfuata mjomba au fundi mwingine, lakini mradi mkubwa ukija wilayani anaambiwa alete cheti.

Kwa watu hawa kuna utaratibu unaoitwa urasimishaji ujuzi, unaofanywa kupitia VETA. Fundi hapelekwi kusoma upya kila kitu. Hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, huelezwa anachokijua na anachopungukiwa, hupewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, kisha hupata cheti cha kiwango anachostahili. Serikali imekuwa ikigharimia baadhi ya awamu za mpango huu, hivyo ulizia katika chuo cha VETA kilicho karibu au ofisi ya halmashauri kabla ya kulipa chochote.

Kwa mtu mzima aliyeacha shule zamani

Aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea na sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kama QT. Akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vyake husaidia wanaosoma kwa njia hii. Pia, tangu Novemba 2021, serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua.

Kwa ngazi ya juu kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mwanafunzi wake husoma akiwa kwake, huku akiendelea na kazi au kilimo, na chuo kina vituo mikoani. Chuo hiki kina kozi ya msingi ya mwaka mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita bila alama za kutosha, au wenye stashahada iliyo chini ya GPA 3.0. Akimaliza kozi hiyo kwa wastani unaotakiwa, anaweza kuomba shahada. Upo pia mtihani wa kutambua maarifa ya awali, unaomwezesha mtu mwenye uzoefu wa kazi kuomba nafasi ya shahada hata bila kupita kidato cha sita.

Kusoma ukiwa nyumbani ni jambo la nidhamu. Hakuna kengele wala mwalimu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Anayelima asubuhi na kuchunga watoto jioni apange saa zake kabla ya kujiandikisha.

Mkopo si zawadi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mikopo kwa wanafunzi wa shahada wenye uhitaji. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, ilianza pia kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa za kipaumbele, zikiwemo za afya na kilimo. Hii ni nafuu ambayo wazazi wengi wa vijijini hawajaisikia.

Lakini mkopo hulipwa. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kwa mfano, kwa mshahara wa shilingi 700,000, makato hayo ni shilingi 105,000 kila mwezi. Kwa hiyo kijana anayechagua kozi kwa sababu tu "mkopo utatoka" ajue kuwa anaahidi fedha ambazo bado hajazipata. Mkopo ni msaada mkubwa pale kozi inapoelekea kwenye kazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kabla ya kutoa hata shilingi, mzazi na kijana wakae pamoja na kujibu maswali haya.

Je, chuo kimesajiliwa, na kozi yenyewe inatambuliwa? Vyuo vya kati viko katika mwongozo wa NACTVET na vyuo vikuu katika mwongozo wa TCU. Miongozo hiyo hutolewa kila mwaka na inasomeka kwa simu. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi moja ikiwa haijaidhinishwa, kwa hiyo angalia vyote viwili. Bango zuri stendi si usajili.

Je, nina sifa za kozi hii hasa? Usitosheke na kuambiwa "njoo tu, tutaona". Soma masomo yanayotakiwa, moja baada ya jingine.

Je, cheti hiki kinafungua ngazi gani inayofuata? Cheti cha kozi fupi cha wiki chache kinaweza kukupa kazi, lakini hakikupandishi kwenda stashahada. Ukikijua hivyo tangu mwanzo, hutalaumu mtu.

Je, gharama zote ni kiasi gani? Ongeza chakula, chumba, nauli, sare, vifaa vya vitendo, ada za mitihani na bima ya afya. Ada iliyo kwenye tangazo huwa ni sehemu tu ya gharama.

Je, waliomaliza kozi hii mwaka juzi wako wapi? Tafuta wawili au watatu uzungumze nao. Majibu yao yana uzito kuliko maneno ya mtu wa udahili.

Na kwa anayesoma stashahada huku akiwaza chuo kikuu: linda GPA tangu muhula wa kwanza, kwa sababu wengi hulijua sharti la 3.0 wakiwa mwaka wa mwisho, wakati alama mbaya zimeshaingia. Ukimaliza, utahitaji pia namba ya uhakiki kutoka NACTVET, inayoitwa AVN, kabla ya kutuma maombi ya shahada. Ishughulikie mapema, usisubiri siku za mwisho za dirisha.

Shamba likishauzwa ni vigumu kulirudisha, na mwaka uliopotea haurudi kabisa. Matokeo yakitoka, kaeni kwanza na karatasi na kalamu, mhesabu D, msome mwongozo, kisha ndipo mpige simu chuoni. Kijana mwenye daraja la nne na D zake nne bado ana ngazi ya kupanda, na ngazi hiyo inafika hadi juu.